Vidole Vitatu vya Hewa: Mwongozo wa Kuzuia Maji ya Bustani Yasirudi Mferejini

Mpira wa kumwagilia ulioachwa ndani ya hori la mbuzi huku mfereji uko wazi haumshtui mtu mjini Garissa. Mahali ambapo maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina saa maalumu, mwenye nyumba hufungua mfereji jioni, akatumbukiza ncha ya mpira horini au kwenye shimo la mpapai, akalala akitumaini kwamba yakija usiku wa manane yatajaa yenyewe. Yakija, hujaa kweli. Tatizo ni pale yanapokwenda. Presha ya laini kuu ikianguka, paipu inayokauka huanza kunyonya, na kilichomo horini, mate ya mbuzi na samadi pamoja, hushika njia ya kurudi: mpirani, mferejini, kwenye mita, hadi kwenye laini inayomhudumia jirani. Hakuna sauti inayosikika. Asubuhi hori limepungua na watu husema mbuzi wamekunywa.

Ukiwa na bustani ya sukuma wiki, mche wa ndimu au hata hori moja tu linalojazwa kwa mpira, mwongozo huu unakuhusu. Dai lake ni moja: katika mji wa maji ya mgao, kinga ya kutegemewa kati ya bustani na maji ya kunywa ni mwanya wa hewa wa vidole vitatu hivi kati ya mdomo wa paipu na ukingo wa tangi. Vali za shaba zina nafasi yake, ila ni nafasi ya pili, na sababu zake ni za hapahapa kaskazini mashariki.

KWA NINI MAJI HURUDI

Maji hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunyonywa. Laini ikipasuka, pampu za mtambo zikizimika kwa kukosa umeme, au mfereji ulio chini zaidi mtaani ukifunguliwa wakati zamu inakwisha, maji yaliyobaki kwenye paipu huteremka na kuacha nafasi nyuma yake. Nafasi hiyo huvuta chochote kilicho kwenye ncha ya pili, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Wapo wanaojibu kwamba maji hayapandi mlima, kwa hiyo hori lililo chini haliwezi kurudisha kitu kwenye mfereji ulio juu yake. Hayapandi yakiachwa yenyewe. Lakini ndani ya paipu iliyokosa hewa, uzito wa hewa iliyo nje unatosha kuyapandisha hadi kama mita 10. Mita moja kati ya hori na mfereji si kizuizi.

Njia ya pili ni kusukumwa, pale upande wa bustani unapokuwa na nguvu kuliko upande wa mji. Tangi lililoinuliwa mita 6 hutoa presha ya baa 0.6 kwenye paipu iliyo chini yake, na pampu ndogo ya umeme ya nyumbani huweza kutoa baa 2 au 3. Laini ya mji iliyokauka ina sifuri. Ukiziunganisha bila kizuizi, hakuna shaka ni nani atakayemsukuma mwenzake.

Mifano inayojulikana sana ya ajali hizi ni ya mbali. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Chicago, mabomba ya maji safi na ya maji machafu yaliyokuwa yameunganika isivyofaa katika hoteli mbili yalieneza ugonjwa wa kuhara damu wa amiba, na watu 98 wakafa. Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Ufini, maji yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka yaliingia kwenye laini ya kunywa kupitia paipu iliyounganisha pande hizo mbili, na zaidi ya watu 8,000 wakaugua. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya miji yenye mabomba mengi na hayatuhusu. Mimi nayasoma kinyume. Laini ambayo haikauki husukuma nje usiku na mchana, nayo hunyonya kwa ajali tu. Laini ya mgao hukauka kwa ratiba. Hatari ambayo kwa wenzetu huhitaji bomba kupasuka au fundi kukosea, kwetu hupewa nafasi kila zamu inapokwisha.

Hali ya mahali nayo huongeza uzito. Maji ya mfereji mjini Garissa hutoka Mto Tana na kusafishwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Garissa, GAWASCO. Yakishatoka mtamboni, usafi wake unategemea paipu zinazopita katika viwanja ambavyo vingi bado vinatumia vyoo vya shimo. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliacha sehemu za mji na barabara ya kwenda Madogo chini ya maji, na kila kiungo cha paipu kinachovuja, kikiwa chini ya maji hayo, huwa mdomo mwingine wa kunyonyea. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika kaunti ya Garissa na kambi za Dadaab. Sidai kwamba mipira ya bustani ndiyo iliyouleta. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo vimelea vipo tayari, njia ya kuvirudisha bombani haifai kuachwa wazi. Wajir, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi na vyoo vya ndoo vilitumika kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Pingamizi la mwisho ni klorini: kwamba maji yametiwa dawa, kwa hiyo hata yakirudi machafu kidogo dawa itamaliza. Klorini inayobaki kwenye maji yanapokufikia huwa ndogo sana. Shirika la Afya Duniani hushauri isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho kiliwekwa kulinda maji yaliyokwisha kuwa safi. Samadi huila klorini yote kabla haijagusa kimelea, na joto la Garissa, ambako nyuzi 35 ni siku ya kawaida, huipunguza zaidi ndani ya paipu iliyolala juu ya ardhi. Kwa dawa ya wadudu au mbolea ya dukani, klorini haina kazi yoyote. Na kwa nyumba inayonywa, inayopika na kutia udhu kwa maji ya mfereji mmoja, swali la kilichomo ndani ya maji hayo si la afya peke yake.

PIMA NYUMBANI KWAKO KWANZA

Kabla ya kununua chochote, jionee. Tumia ndoo mpya au iliyooshwa vizuri na maji safi ya kunywa, kwa sababu ukifaulu kuonyesha hatari, maji hayo yataingia kwenye paipu zako. Mpira nao uwe safi.

1. Weka ndoo juu ya meza au ukuta mfupi, iwe juu kuliko mfereji ulio chini zaidi nyumbani. Ijaze maji na utie alama ya kalamu mahali yalipofika.
2. Unganisha mpira kwenye mfereji wa bustani, fungua hadi hewa yote itoke, kisha zamisha ncha yake ndani ya ndoo.
3. Funga koki iliyo karibu na mita. Uache mfereji wa bustani wazi.
4. Fungua ule mfereji wa chini kabisa na uangalie alama kwenye ndoo.

Maji ya ndoo yakishuka, umeona kwa macho yako kile ambacho laini ya mji hukifanya zamu inapokwisha. Usipoona kitu, usijipongeze bado. Huenda hewa inaingia kwenye paipu kupitia mfereji mwingine ulio wazi, na mfereji huo ukifungwa siku nyingine, kinga hiyo ya bahati inaisha.

Inafaa pia kujua kiasi. Mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 20 hubeba kama lita mbili na nusu. Hayo ndiyo maji ya kwanza kurudi, nayo yamelala juani mchana kutwa ndani ya plastiki yenye ukungu. Kinachofuata ni chochote ambacho ncha imezama ndani yake.

VALI AU HEWA?

Katika nchi ambako sheria humlazimisha kila mwenye bustani kuweka kizuizi, kawaida huwa ni kifaa cha shaba chenye vali mbili zinazofuatana, au chenye vali mbili na tundu katikati linalomwaga maji nje vali mojawapo ikishindwa. Hivi ni vifaa vizuri. Lakini vimebuniwa kwa masharti matatu ambayo hayasemwi dukani. Maji yapite yakiwa hayana mchanga. Presha iwe thabiti. Na fundi mwenye kipimo maalumu aje angalau mara moja kwa mwaka kuvikagua. Linganisha na kwetu. Tana hubeba tope jingi, na laini inayojaa na kukauka hubandua kutu na mchanga kila maji yanaporudi. Maji ya visima virefu vya Habaswein, Dadaab na kwingineko juu ya hazina ya maji ya Merti yana chumvichumvi inayoganda ndani ya vifaa. Chembe moja ya mchanga kwenye kikalio cha vali inatosha kuiacha wazi kwa upana wa unywele, na raba yake hukauka inaposhinda bila maji. Vali iliyoshindwa haikuambii. Kwa nje inabaki ileile, inang'aa vilevile, na mwenye nyumba anaendelea kuiamini.

Vali ya kawaida ya njia moja, ile ambayo mafundi wengi huifunga wakiambiwa kuna tatizo la maji kurudi, ni dhaifu zaidi. Kazi yake halali ni kuzuia pampu isipoteze maji inapozimwa. Haina tundu la kuipima wala la kumwaga, na haikutengenezwa kulinda maji ya kunywa. Ukiwa nayo, iache hapo ilipo, ila usiihesabu kuwa kinga.

Mwanya wa hewa hauna raba, hauna springi na hauna kikalio cha kuziba. Paipu ya mji inaishia juu ya tangi, maji yanaanguka hewani, na chini yake kuna tangi la bustani. Laini ikinyonya, inanyonya hewa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuukagua kwa kuutazama. Hii ndiyo hoja yenyewe: mahali ambapo hakuna atakayekuja kupima, chagua kinga ambayo kushindwa kwake kunaonekana.

Watu hupinga kwamba presha hupotea, na ni kweli. Ukishaacha maji yaanguke tangini, unabaki na uzito wa maji peke yake, yaani baa 0.1 kwa kila mita ya kimo. Mashine ya kurusha maji kama mvua haitazunguka kwa nguvu hiyo. Lakini mvua ya Garissa kwa mwaka kwa kawaida haifiki milimita 400 na jua linakausha kila kitu. Kurusha maji hewani mchana ni kuyagawia upepo. Umwagiliaji wa matone unahitaji kimo kidogo tu. Vifaa vya matone vya ndoo ambavyo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya (KARI) ilivitangaza kwa wakulima wadogo wa Kenya katika miaka ya 1990 vilifanya kazi ndoo ikiwa mita moja tu juu ya ardhi. Anayetaka nguvu zaidi aweke pampu ndogo baada ya tangi, ambako haiwezi kunyonya laini ya mtu. Wengine watasema maji ya mgao hayana nguvu ya kupanda mita mbili hadi juu ya tangi. Kupanda huko kunahitaji baa 0.2. Laini isiyo na hata hizo ndiyo laini itakayonyonya kwanza, kwa hiyo weka pipa chini, lipokee maji kwa mwanya uleule, kisha uyachote kwa ndoo au pampu.

JINSI YA KUFUNGA

Vifaa: tangi la lita 500 au pipa safi la lita 210, paipu ya nusu inchi, elbo tatu, koki moja, paipu ya inchi moja na nusu kwa ajili ya maji ya ziada, chujio, wavu wa mbu, na matofali ya saruji. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mifugo, dawa ya mimea au mafuta lisitumike hata likioshwa mara saba.

1. Jenga jukwaa kwanza. Tangi la lita 500 likijaa lina kilo 500 za maji, na mchanga wa Garissa huteleza ukilowa. Chimba hadi ardhi ngumu, simika matofali, na kimo kiwe kati ya mita moja na moja na nusu. Kiwanja kikiwa karibu na mto, angalia alama ya mafuriko ukutani na uanze juu yake.

2. Toa tawi la paipu kutoka laini ya nyumba, baada ya mita, na ulifungie koki mahali unapolifikia bila ngazi. Ukiweza, tumia paipu ya chuma kwa sehemu inayopigwa na jua. Ya plastiki ifukie au ipake rangi, kwani jua huifanya ipasuke.

3. Ipandishe paipu kando ya tangi kwa nguzo yake yenyewe. Usiifunge kwenye tangi, kwa sababu tangi huyumba na kutitia, na litaivuta paipu pamoja nalo.

4. Pindisha paipu kwa elbo hadi mdomo utazame chini ndani ya tangi. Kipimo ni hiki: mwanya kati ya mdomo wa paipu na ukingo wa juu wa tangi uwe mara mbili ya upana wa paipu, na usipungue milimita 25 kamwe. Paipu ya nusu inchi inatosheka na milimita 25, ya inchi moja inataka 50. Kwa kaya nashauri 50 kwa paipu zote, vidole vitatu, ili jukwaa likiinama bado ubaki na akiba. Pima kutoka ukingo wa tangi, si kutoka maji yalipofika leo.

5. Kata mdomo wa paipu uwe mtupu, bila nyuzi za kufungia. Usipofanya hivyo, siku moja mtu atachoka na mmwagiko, aunganishe kipande cha mpira, akizamishe ndani, na kazi yote iwe bure.

6. Toboa tundu la maji ya ziada chini ya ukingo na ufunge paipu ya inchi moja na nusu. Usitumie nusu inchi. Maji yanaingia kwa presha ila yanatoka kwa uzito wake tu, hivyo njia ya kutoka lazima iwe pana mara kadhaa. Ielekeze kwenye shina la mwembe au mgomba; maji yasipotee.

7. Njia ya kwenda bustanini iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope litulie chini. Weka koki, kisha chujio, kisha laini ya matone.

8. Funika. Mfuniko uwe na tundu pana kuliko paipu, na nafasi inayobaki izibwe kwa wavu tu, hewa ipite.

Hatua ya 8 inaonekana ndogo lakini nitaikazia. Tangi lililo wazi ni kitalu cha mbu wa majumbani. Mandera ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016, na mbu anayeeneza magonjwa hayo hupenda maji matulivu ya matangi na mapipa kuliko madimbwi ya porini. Wavu uwekwe pia kwenye mdomo wa paipu ya maji ya ziada. Hakuna faida ya kuwakinga watoto na kuhara kwa kuwafugia homa.

Kama maji huja usiku na hutaki kuamka, unahitaji vali ya boya. Ifunge kwenye kibao juu ya ukingo wa tangi, mdomo wake uwe vidole vitatu juu, na mkono wa boya uwe mrefu wa kushuka ndani. Matangi mengi ya dukani huwa na tundu la boya ubavuni, chini ya ukingo. Ukilitumia hilo, paipu ya maji ya ziada lazima iwe chini zaidi ya mdomo wa boya kwa vidole vitatu, pana, na isiyoziba. Halafu kuna lile bomba dogo la plastiki linalouzwa pamoja na boya, la kushusha maji hadi chini bila kelele. Litoe ulitupe. Hugeuza mwanya wa hewa kuwa mrija.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kosa kubwa kuliko yote si la bustani. Ni la kufunga pampu moja kwa moja kwenye laini ya mji ili kuvuta maji ya mgao kabla ya wengine. Pampu hiyo huunda ombwe katika laini ya mtaa mzima, na kila mpira uliozama, kila kiungo kinachovuja karibu na shimo la choo, huchangia kinachovutwa. Anayenunua pampu hiyo huamini amepata maji mengi kuliko jirani. Amepata pia ya jirani yaliyokwisha kutumika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na jirani naye yumo humo.

La pili ni la nyumba zenye vyanzo viwili: mfereji wa mji pamoja na kisima, au pampu inayovuta moja kwa moja kutoka Tana. Mafundi huunganisha vyote kwenye paipu moja na kuweka koki katikati, wakisema itafungwa wakati wa kubadilisha. Koki inayotegemea kumbukumbu ya mtu saa kumi za alfajiri haifai kuaminiwa. Koki ya ile paipu ya Nokia ilikuwa mikononi mwa watu wa kazi hiyo, na ikaachwa wazi. Dawa ni kuacha kila chanzo kimwage tangini kwa mdomo wake, kila mmoja na vidole vyake vitatu, visigusane popote. Maji ya mto au kisima yaende tangi la bustani peke yake. Tangi la kunywa lipokee ya mji tu, au ya boza unaloliamini.

La tatu: kuchanganya mbolea au dawa kwenye mfumo ambao bado umeungana na mfereji. Kunyunyizia dawa fanya kwa bomba la mgongoni. Ukijaza bomba hilo, usizamishe mpira ndani. Jaza kwa ndoo.

KAMA HUWEZI TANGI SASA

Mpangaji wa chumba Bulla Iftin au Bulla Punda mwenye mfereji mmoja wa kushiriki huenda hana mahali pa kujenga jukwaa. Kwake kuna kizuizi kidogo kinachofungwa kwenye mdomo wa mfereji kabla ya mpira, ambacho huruhusu hewa kuingia laini inaponyonya. Kinasaidia dhidi ya kunyonywa tu, hakizuii kusukumwa. Kiwe juu ya ncha zote za mpira kwa angalau sentimita 15, kusiwe na koki au bastola ya kunyunyizia inayofungwa baada yake, na kisiachwe kwenye presha zaidi ya saa 12 mfululizo, la sivyo hushikana na kuacha kufanya kazi. Masharti ni mengi, ndiyo maana nakiita cha akiba. Kilicho bora kuliko hicho hakina gharama: ncha ya mpira isizame kamwe. Ining'inize juu ya hori kwa kamba au ndoano ya waya, vidole vitatu juu ya ukingo, na mwisho wa kazi funga mfereji wenyewe na uondoe mpira.

UKISHUKU KWAMBA MAJI YAMERUDI

Dalili ni maji ya mfereji yanayotoka na harufu, rangi, au vipande vya majani baada ya kukatika. Funga koki ya mita mara moja. Waarifu majirani na kampuni ya maji, maana tatizo linaweza kuwa limekwisha kuvuka mita. Maji yaliyomo nyumbani yachemshwe hadi yatokote kabla ya kunywa. Lakini ukijua kwamba dawa ya wadudu au mbolea imehusika, usichemshe wala usinywe. Kuchemsha hakuondoi kemikali, na naitreti ya mbolea huzidi kukolea maji yanapopungua. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga. Tangi limwagwe, lisuguliwe, lijazwe tena, na litiwe dawa ya klorini: kama lebo inasema asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua mifereji yote hadi harufu ya klorini ifike, funga, uache kwa saa 12 hadi 24 bila mtu kunywa, kisha mwaga na suuza hadi harufu iishe. Maji hayo ya klorini yasielekezwe kwenye mimea wala mifugo.

UKAGUZI WA KILA MWEZI

☐ Vidole vitatu vinapita kati ya mdomo wa paipu na ukingo wa tangi
☐ Hakuna mpira, kamba wala tambara lililofungwa kwenye mdomo huo
☐ Paipu ya maji ya ziada haijazibwa na ndege, nyigu au tope. Mwaga ndoo moja uone inavyotoka
☐ Wavu haujatoboka na hakuna viluwiluwi vya mbu ndani
☐ Hakuna ncha ya mpira iliyolala horini, shimoni au kwenye ndoo
☐ Tangi lina maandishi makubwa: MAJI YA BUSTANI, HAYANYWEKI

Maandishi hayo yaandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, na pawe na mchoro kwa wasiosoma bado. Baada ya mafuriko usisubiri mwezi uishe. Maji yakishatoka kiwanjani, pima tena mwanya kabla ya kufungua koki, kwa kuwa jukwaa lililolowa huinama upande mmoja na tangi hubaki likionekana limesimama wima ukilitazama kutoka mlangoni.